UZI: Hesabu za moli na taitresheni kwa sekondari. Leta swali pamoja na hatua zako

Mzee wa Bureti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Uzi huu ni wa hesabu za kemia za kidato cha tatu na cha nne: moli, ujazo wa gesi, taitresheni (kupima myeyusho mmoja kwa kuumaliza na mwingine), maji ya fuwele na ndugu zake. Sharti ni moja tu. Ukileta swali, weka na hatua, hata kama umekwama mstari wa pili. Kwa nini hatua? Tazameni swali hili.

Gramu 5.3 za sodiamu kaboneti kavu, Na₂CO₃, ziliyeyushwa kwenye maji na myeyusho ukajazwa hadi 500 cm³. Kiasi cha 25 cm³ cha myeyusho huo kilimalizwa na 20 cm³ za asidi ya haidrokloriki, kiashirio kikiwa methili oranji. Tafuta molariti ya asidi, yaani moli zake kwenye kila dm³ (M). (Na = 23, C = 12, O = 16)

Jibu ni 0.25 M. Lakini madaftari mengi yanakuja na 0.125 M, na kichekesho ni kwamba 0.125 inapatikana kwa makosa mawili yasiyohusiana kabisa. Wa kwanza kasahau kwamba moli moja ya kaboneti inamaliza moli mbili za asidi. Wa pili uwiano kaupatia, ila kachukua 5.3 ÷ 106 = 0.05 akaiita molariti, wakati hizo ni moli zilizomo ndani ya nusu lita. Kila mmoja kakata jibu nusu kwa njia yake. Ukiletewa jibu tupu huwezi kujua umrekebishe yupi wapi. Aliyekosea vyote viwili anatoka na 0.0625 M.

Hatua zenyewe:

1. Mlinganyo uliosawazishwa: Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂
2. Masi ya moli ya Na₂CO₃: (23 × 2) + 12 + (16 × 3) = 106 g/mol
3. Moli zilizoyeyushwa: 5.3 ÷ 106 = 0.05 mol
4. Molariti ya kaboneti: 0.05 mol ÷ 0.5 dm³ = 0.1 mol/dm³
5. Moli zilizonyonywa na pipeti: 0.1 × 25 ÷ 1000 = 0.0025 mol
6. Moli za HCl: 0.0025 × 2 = 0.005 mol
7. Molariti ya HCl: 0.005 mol ÷ 0.020 dm³ = 0.25 mol/dm³

Mstari wa 6 ndio pekee uliochungulia namba za mlinganyo. Namba hizo zinahesabu moli, basi. Ukizipelekea gramu au cm³ za myeyusho zitakudanganya. Kwa hiyo kazi yote ya mistari ya juu ni kukufikisha kwenye moli, na mstari wa chini ni kukutoa huko kwenda kwenye kile swali linachotaka.

Chap Chap

Mkuu, mbona safari ndefu hivyo? Kuna MaVa/MbVb = na/nb: M ni molariti, V ni ujazo, n ni namba ya kwenye mlinganyo, a ni asidi, b ni besi. Unaweka Ma × 20 ÷ (0.1 × 25) = 2 ÷ 1, inatoka Ma = 0.25, umemaliza. Kwenye mtihani dakika ni mali.

Mzee wa Bureti

Kanuni hiyo ni sahihi na haina ubaya. Ubaya uko sehemu tatu.

Kwanza, mtu anageuza uwiano wa na/nb, anaweka 1 ÷ 2, anapata 0.0625 bila kushtuka. Pili, kanuni inataka molariti na ujazo pande zote mbili. Swali likikupa gramu za kaboneti upande mmoja na dm³ za CO₂ upande mwingine, umebaki na kanuni mkononi na huna pa kuiweka. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, wengi hawakumbuki hiyo ya na/nb. Wanachokumbuka ni M₁V₁ = M₂V₂, ambayo ni kanuni ya kuzimua. Pale unapoongeza maji kwenye asidi, moli za asidi ni zilezile kabla na baada, ndiyo maana pande mbili zinalingana. Kwenye taitresheni ni vitu viwili tofauti, na vinalingana moli kwa moli pale tu uwiano ukiwa 1:1. HCl na NaOH itakubali. H₂SO₄ na NaOH haikubali, Na₂CO₃ na HCl haikubali.

Kwa hiyo tumia kanuni ukitaka, ila uwe unaweza kufika bila hiyo.

Madam Pipeti

Naongezea njia ya kuhakiki inayochukua sekunde kumi. Kwenye swali la mwanzisha uzi, 20 cm³ za asidi zimemaliza 25 cm³ za kaboneti. Asidi imetumika kidogo kuliko kaboneti, halafu kila moli ya kaboneti inataka asidi mara mbili. Basi asidi lazima iwe na molariti *zaidi ya mara mbili* ya kaboneti, yaani juu ya 0.2. Jibu la 0.125 linakataliwa hata kabla ya kugusa kikokotoo.

Wanafunzi wazoezwe kukadiria hivi kabla ya kupiga hesabu. Wakishapata namba kwenye kioo cha kikokotoo wanaiamini kupita kiasi.

Ticha wa Zamu

Naomba msaada wa kulieleza hili darasani. Swali: gramu 14.3 za Na₂CO₃·xH₂O zimeyeyushwa kufanya 1 dm³ ya myeyusho. 25 cm³ za myeyusho zimehitaji 25 cm³ za HCl 0.1 M. Tafuta x.

Hatua zilizopo kwenye madaftari ya karibu nusu ya darasa:

Moli za HCl = 0.1 × 25 ÷ 1000 = 0.0025
Moli za kaboneti = 0.0025
Kwenye 1 dm³ = 0.0025 × 1000 ÷ 25 = 0.1
Masi ya moli = 14.3 ÷ 0.1 = 143
18x = 143 − 106 = 37
x = 2.06, sawa na 2

Wanabisha kwamba ni sahihi kwa sababu imekaribia namba nzima.

Madam Pipeti

Hilo swali lina mtego mzuri kweli, maana kosa linakupa zawadi. 2.06 inatia imani, mtu anaikata kuwa 2 na kusonga mbele.

Kosa liko mstari wa pili, ni uwiano uleule wa 1:2. Moli za kaboneti ni *nusu* ya moli za asidi: 0.0025 ÷ 2 = 0.00125. Kwenye 1 dm³ ni 0.00125 × 40 = 0.05. Masi ya moli ni 14.3 ÷ 0.05 = 286. Toa 106 inabaki 180, gawa kwa 18, x = 10. Kamili, haina desimali ya kukata.

Wape kazi ya kurudi nyuma. Chukua jibu lao, x = 2. Masi ya moli inakuwa 106 + 36 = 142. Gramu 14.3 ni moli 0.1007, na 25 cm³ zina moli 0.002518. Zidisha kwa 2 kupata asidi: 0.005035. Kwa asidi ya 0.1 M hiyo ni 50.35 cm³. Swali limesema 25. Ubishi umekwisha.

Bin Magadi

Tena hizo fuwele zenye maji kumi zikikaa kwenye chupa isiyofungwa vizuri zinapoteza maji zenyewe na kugeuka unga mweupe. Ukizipima baada ya hapo, kwenye gramu 14.3 zilezile kaboneti imeongezeka na maji yamepungua, asidi itakwenda zaidi ya 25 cm³, na x itatoka chini ya 10. Kwa hiyo kwenye jaribio halisi x ya 8 na kitu haina maana kwamba mwanafunzi kakosea hesabu. Angalieni chupa kwanza.

Kemia 254

Salamu kutoka Kenya. Kuna jambo linawachanganya wanafunzi wanaosoma vitabu vya pande zote mbili za mpaka: ujazo wa moli moja ya gesi. Kuna maswali yanatumia 22.4 dm³, mengine 24 dm³. Tuelewane.

Mzee wa Bureti

Zote ni sahihi, mazingira ndiyo tofauti. 22.4 dm³ ni kwa 0 °C na kanieneo ya 760 mmHg, ndiyo hali sanifu ya vitabu vya shule. 24 dm³, au 24,000 cm³, ni kwa joto la chumba na kanieneo hiyohiyo. Gesi ikipata joto inatanuka, ndiyo maana namba imepanda. Tangu 1982 wanakemia wa kimataifa walishusha kanieneo sanifu hadi 100 kPa, na kwa kipimo hicho moli moja kwenye 0 °C inachukua 22.7 dm³. Vitabu vya shule vingi vimebaki na 22.4.

Mwanafunzi asichague kwa mazoea. Asome swali: kama ni hali sanifu, au joto la chumba, au wametoa namba yao mwanzoni mwa karatasi. Namba ya kwenye karatasi ndiyo inayotawala. Hivyohivyo kwa masi za atomu, wakikupa Cu = 63.5 usitumie 64 uliyoizoea.

Halafu hizo 22.4 na 24 ni za GESI tu. Kila mwaka kuna mtu anagawa ujazo wa asidi kwa 22.4.

Kemia 254

Asante mwalimu. Basi na hili: gramu 2.4 za magnesiamu zimewekwa kwenye 100 cm³ za HCl ya 1.0 M. Tafuta ujazo wa haidrojeni katika hali sanifu. (Mg = 24) Wengi wanajibu 2.24 dm³.

Madam Pipeti

Hapo hesabu ya mwanzo inapumbaza. Moli za Mg ni 2.4 ÷ 24 = 0.1. Moli za HCl ni 1.0 × 0.1 = 0.1. Mwanafunzi anaona 0.1 na 0.1, anasema vimelingana, hakuna kinachobaki, haidrojeni ni 0.1 × 22.4 = 2.24.

Lakini Mg + 2HCl → MgCl₂ + H₂. Moli 0.1 za magnesiamu zinataka moli 0.2 za asidi, na asidi iliyopo ni 0.1. Asidi itaisha kwanza, magnesiamu itabaki. Kinachoisha kwanza ndicho kinachoamua mazao yote, kwa hiyo anzia hapo: moli 0.1 za HCl zinatoa moli 0.05 za H₂, sawa na 1.12 dm³. Kwa kipimo cha 24 ni 1.2 dm³.

Magnesiamu iliyotumika ni moli 0.05, iliyobaki ni moli 0.05, gramu 1.2. Hii nayo huulizwa kama sehemu ya (b).

Njia ya haraka ya kujua kitakachoisha: gawa moli za kila kitu kwa namba yake kwenye mlinganyo. Mg: 0.1 ÷ 1 = 0.1. HCl: 0.1 ÷ 2 = 0.05. Kidogo ndicho kinachoisha. Hiyo namba ndogo ni ya kulinganishia tu, usiipeleke mbele kama moli.

Chap Chap

Swali la mawe ya chokaa basi, haya ya kuchoma. Gramu 12.5 za jiwe zimechomwa hadi mwisho, zimetoa 2.24 dm³ za CO₂ katika hali sanifu. Asilimia ya usafi?

Mzee wa Bureti

Jepesi. CaCO₃ → CaO + CO₂, uwiano 1:1. CO₂ ni 2.24 ÷ 22.4 = moli 0.1. CaCO₃ ni moli 0.1, masi ya moli ni 100, hivyo gramu 10. Usafi ni 10 ÷ 12.5 × 100 = 80%.

Anayekosea hapa huanza na 12.5 ÷ 100 = moli 0.125 kama vile jiwe lote ni kaboneti. Swali la usafi siku zote anzia kwenye kitu ulichopima kilicho safi, ambacho hapa ni gesi, urudi nyuma.

Mtunza Maabara

Niulize la vitendo. Chupa ya HCl kali ina maandishi 36% na densiti 1.18 g/cm³, haina molariti. Kutengeneza 1 dm³ ya 0.1 M, napima kiasi gani?

Bin Magadi

Chukua lita moja ya hiyo asidi kali kichwani. Ina uzito wa gramu 1180. Asilimia 36 ya hizo ni HCl: 1180 × 0.36 = 424.8 g. Gawa kwa 36.5 unapata moli 11.64. Basi chupa yako ni 11.64 M, au 11.6 kwa kukata.

Hapa sasa M₁V₁ = M₂V₂ iko nyumbani kwake: 11.64 × V = 0.1 × 1000, V = 8.6 cm³.

Unavyofanya: dirisha wazi, miwani na glavu, maana mvuke wake ni mkali. Weka kama 500 cm³ za maji kwenye flaski ya kupimia ya lita moja *kwanza*. Mimina asidi polepole huku ukitikisa taratibu. Ikipoa jaza maji hadi kwenye alama, jicho likiwa usawa wa alama. ASIDI KWENYE MAJI, kamwe si maji kwenye asidi. Kwa salfuriki ya 98% yenye densiti 1.84 hili si la kujadili, ile inatoa joto la kurusha matone usoni. Hiyo ni 1840 × 0.98 ÷ 98 = 18.4 M, na kwa lita moja ya 0.05 M utahitaji 2.7 cm³ tu.

Usimimine 8.6 cm³ za asidi halafu ukaongeza 1000 cm³ za maji. Ni kujaza *hadi* lita moja. Tofauti hapa ni ndogo, chini ya asilimia moja, lakini mtu akizoea hivyo, siku anatengeneza 2 M ataharibu.

Mtunza Maabara

Na hiyo 0.1 niandike kwenye lebo moja kwa moja?

Bin Magadi

Hapana. Asilimia ya kwenye chupa ni ya siku ilipofungwa kiwandani. Chupa iliyofunguliwa mara nyingi imeshapoteza gesi. Pima myeyusho wako dhidi ya Na₂CO₃ kavu. Hiyo ipashwe moto kwanza kwenye krusibo, 270 °C kwa saa moja kama una tanuri la kufika huko, kisha ipoe mahali pasipo unyevu. Pima gramu 1.325, yeyusha, jaza hadi 250 cm³. Hiyo ni 0.05 M. Ukichukua 25 cm³ zake, asidi ikiwa kweli 0.1 M itakwenda 25.00 cm³. Ikienda 26.00, asidi yako ni 0.0025 ÷ 0.026 = 0.096 M, na lebo iandikwe 0.096.

NaOH usiitegemee kama kipimo cha kuanzia. Vidonge vyake vinanyonya unyevu na CO₂ ya hewani wakati viko kwenye mzani, unaona vinang'aa kwa maji. Gramu 4.0 unazosoma si gramu 4.0 za NaOH.

Madam Pipeti

Na usuuzaji wa vyombo, kwa kuwa ndiko matokeo mengi yanakoharibikia:

Bureti isuuzwe kwa maji halafu kwa myeyusho utakaokaa humo. Maji yakibaki ndani, asidi imezimuliwa na usomaji utapanda. Pipeti vivyo hivyo. Flaski ya koni isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa TU. Ukiisuuza kwa besi umeongeza moli usizozipima, na hapo bureti itatoa zaidi. Maji yakibaki kwenye flaski ya koni hayana neno, kwa sababu moli zilizotoka kwenye pipeti hazibadiliki kwa kuongezewa maji.

Tone la mwisho la pipeti msilipulize. Gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski, basi. Kile kinachobaki kwenye ncha kimeshahesabiwa na mtengenezaji.

Usomaji: tuseme ya majaribio ni 24.80, kisha 24.30, 24.20, 24.30. Wastani ni wa tatu za mwisho, 72.80 ÷ 3 = 24.27 cm³. Ukiingiza na ile ya majaribio unapata 24.40. Na andika 24.30, si 24.3.

Chap Chap

Maswali ya fomula sahili (uwiano mdogo kabisa wa atomu) kwa asilimia, kuna mtego gani zaidi ya kugawa?

Ticha wa Zamu

Kukata desimali mapema. Oksidi ya chuma yenye Fe 70% na O 30%: 70 ÷ 56 = 1.25, 30 ÷ 16 = 1.875. Gawa zote kwa 1.25, unapata 1 na 1.5. Mwanafunzi anakata 1.5 kuwa 2, anaandika FeO₂. Haikatwi, inazidishwa: kwa 2 inakuwa 2 na 3, Fe₂O₃. Ikitokea .33 au .67 zidisha kwa 3, ikiwa .25 au .75 kwa 4. Kata pale tu tofauti ni ndogo kama 1.98 au 3.02.

Na oksijeni hapo igawe kwa 16, usigawe kwa 32. Tunahesabu atomu ndani ya kampaundi, hatuhesabu gesi. Kinyume chake kwenye swali kama "11.2 dm³ za oksijeni katika hali sanifu zina atomu ngapi?" Hizo ni moli 0.5 za O₂, molekuli 3.01 × 10²³, lakini atomu ni mara mbili, 6.02 × 10²³. Neno moja la swali, maksi zote.

Bin Magadi

Turudi kwenye kaboneti, maana kuna suala la kiashirio limepitwa, na mtu akilipuuza hesabu yote juu inaanguka hata kama uwiano kaukariri.

Ule uwiano wa 1:2 ni wa methili oranji, MO, ambayo inatoka njano na kusimama kwenye rangi ya chungwa. Ukitumia POP (finoftalini) badala yake, rangi ya waridi inapotea pale kaboneti inapokuwa imegeuka baikaboneti tu: Na₂CO₃ + HCl → NaHCO₃ + NaCl. Uwiano 1:1. Swali la mwanzisha uzi kwa POP lingesoma 10 cm³, si 20. Kwa hiyo kabla ya kuandika mlinganyo soma kiashirio.

Mfano mzuri tunao wenyewe. Magadi ya kupikia, haya yatokayo Ziwa Natron na Ziwa Magadi, kwa sehemu kubwa ni trona: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Masi yake ya moli ni 106 + 84 + 36 = 226. Tuchukue trona safi gramu 2.26, tujaze hadi 250 cm³, tuchukue 25 cm³, asidi ni HCl 0.1 M. Tabirini usomaji wa POP na wa MO.

Kemia 254

Gramu 2.26 ni moli 0.01. Kwenye 25 cm³ ni moli 0.001, maana yake moli 0.001 za kaboneti na moli 0.001 za baikaboneti.

POP: kaboneti peke yake ndiyo inayobadilika, moli 0.001 za asidi, 10 cm³.

MO, nikiendelea kwenye flaski ileile: baikaboneti ya asili nayo inaingia, moli 0.001. Hivyo 10 cm³ nyingine, jumla 20 cm³?

Bin Magadi

Umesahau iliyozaliwa. Ile kaboneti iliyogeuka kwenye hatua ya POP sasa ni baikaboneti na iko flaskini. Pamoja na ya asili ni moli 0.002, kwa hiyo hatua ya pili inachukua 20 cm³, jumla 30 cm³ tangu mwanzo. Uwiano wa trona na asidi kwa MO ni 1:3.

Ukitaka kujua kama sampuli ni trona au ni kaboneti tupu, linganisha hatua mbili. Kaboneti tupu: hatua ya pili inalingana na ya kwanza. Trona: ya pili ni mara mbili ya ya kwanza. Baikaboneti tupu: hatua ya POP karibu haipo. Magadi ya sokoni yana chumvi ya kawaida na udongo, kwa hiyo usomaji wote utashuka, lakini chumvi haili asidi na uwiano wa hatua mbili unabaki karibu na 1:2. Udongo uchujwe kabla ya kujaza hadi alama, karatasi ya kuchujia isuuzwe maji mara mbili na maji hayo yaingie kwenye flaski, la sivyo umeacha magadi kwenye karatasi.

Ticha wa Zamu

Hili naliingiza kwenye jaribio la wiki ijayo. Indiketa zote mbili zipo, magadi duka la pembeni.

Madam Pipeti

Kwenye POP wasisitize kutikisa flaski na kushusha asidi polepole, tone kwa tone kuanzia 8 cm³. Ukimwaga kwa kasi, pale asidi inapodondokea inazidi, CO₂ inatoka kabla ya wakati na hatua ya kwanza inasoma juu ya 10. Halafu mwisho wa POP kwenye kaboneti haukati ghafla, waridi inafifia taratibu. Wasishangae tofauti ya 0.3 hivi baina ya makundi.

Chap Chap

La mwisho kwangu. Ampia 2 zimepita kwenye myeyusho wa kopa salfeti kwa dakika 16 na sekunde 5. Gramu ngapi za shaba? Cu = 64, Faradei = 96,500 C. Na kama kuna chombo cha pili chenye silva naitreti kwenye mzunguko huohuo wa mfululizo?

Mzee wa Bureti

Muda uwe sekunde kwanza: 965 s. Chaji ni 2 × 965 = 1930 C. Faradei moja ni chaji ya moli moja ya elektroni, basi moli za elektroni ni 1930 ÷ 96,500 = 0.02.

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu. Kila moli ya shaba inataka elektroni mbili, basi moli 0.01, gramu 0.64. Kwa fedha, Ag⁺ + e⁻ → Ag, elektroni moja tu, moli 0.02 × 108 = gramu 2.16. Chaji ni ileile kwenye vyombo vyote viwili kwa sababu vimeunganishwa mfululizo, hivyo usiigawe kwa mbili. Wanaoigawa wanapata 0.32 na 1.08.